Masahihisho Mara Tatu

Nianze na kidevu changu. Kila mtu aliponiuliza Pemba nafundisha nini, nilijibu "Kiingereza," na kidevu kikapanda chenyewe. Nilikuwa nimetoka Singida na kupata kazi katika skuli moja ya sekondari Chake Chake. Walimu wenzangu walinipokea kwa wema mkubwa. Walinitafutia chumba Madungu, wakanizoesha kusema skuli badala ya shule, wakanionya nisipite mbele ya mtu mzima bila kutoa salamu. Mimi nikawalipa kwa kuwasahihisha matamshi yao ya Kiingereza bila kuombwa. Hawakunigombeza hata siku moja, nami nikadhani ni kwa sababu nilikuwa nina haki.

Mwaka wangu wa pili nilipewa kidato cha tatu. Vitabu vya muhtasari viliwachosha wanafunzi, hata mimi vilinichosha, basi nikatafuta kwenye simu hadithi moja fupi ya zamani ya Kiingereza ambayo niliisoma nikiwa chuoni na ikaninyima usingizi. Nikaipeleka steshenari wakaichapa, nakala moja kwa dawati. Inahusu mwindaji mashuhuri anayeanguka kutoka melini na kuogelea hadi kisiwa asichokijua. Huko anakaribishwa na tajiri mstaarabu sana, mwenye meza nzuri na maneno mazuri. Tajiri huyo ameshawinda kila mnyama mpaka amechoka, na sasa anawinda watu. Anampa mgeni wake kisu na chakula, anamwambia kimbia.

Sijawahi kuona darasa likitulia vile. Kina mama wa maandazi walipita nje na mabeseni yao, hakuna aliyegeuza shingo. Nilipofika mahali mgeni anapoambiwa kimbia, mwanafunzi mmoja akauliza kwa hasira ya kweli, "Mwalimu, kwani kisiwa hicho hakina sheha? Mgeni kalala siku ngapi hapo, sheha hana habari?" Tukacheka wote. Pemba mgeni hawezi kulala hata usiku mmoja bila sheha wa mtaa kujua amefikia kwa nani, na mimi mwenyewe niliwahi kupelekwa kwake siku ile ile niliyoshusha begi. Nikajiona mwalimu bora kisiwani.

Sasa, katika jina la hadithi hiyo limo neno gemu. Nami nikalieleza kwa kujiamini. Gemu, nikawaambia, kila mtu analijua, hata kwenye simu zenu mnacheza gemu. Ni mchezo. Tajiri anafanya maisha ya watu kuwa mchezo. Nikaandika ubaoni, gemu ni mchezo, nikapigia mstari mara mbili. Wakaandika.

Dawati la mbele, upande wa dirishani, alikaa binti mmoja aliyekuwa na Kiingereza kizuri kuliko wote. Alikuwa akikaa kwa shangazi yake hapo hapo Madungu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na kwao ni kaskazini, ng'ambo ya Tumbe. Hakuwa na maneno mengi, lakini kila nilipouliza swali mkono wake ulikuwa juu kabla sijamaliza. Siku ile pia aliunyanyua, na nikamruhusu nikitegemea anisifie.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Gemu hapo si mchezo peke yake. Ni mnyama wa kuwindwa. Wale wageni waliokuja kutazama msitu walikuwa wakimuuliza babangu, gemu iko? Wala hawakuwa wakiulizia mpira."

Darasa likacheka, na kicheko kilikuwa chake. Alikuwa amesema jambo la kuchekesha na la kweli kwa pamoja, na aliyebaki amesimama na chaki mkononi nilikuwa mimi. Ningeweza kusema, hebu tutazame kamusi. Kuuliza si ujinga, methali hiyo nimewafundisha wanafunzi wangapi! Badala yake nikasikia masikio yakipata moto.

"Baba yako ni nani hata wageni wamuulize yeye?"

Akasita. Leo najua alisita kwa sababu gani. Mwaka mzima alikuwa ameificha kazi ya baba yake, na sasa ilimbidi aitoe ili neno lake liaminiwe.

"Babangu msasi," akasema.

Mimi neno hilo sikuwahi kulisikia. Kwetu tunasema mwindaji. Nilichokisikia ni msasa, ile karatasi ya seremala.

"Msasa?" nikasema. "Wa kusugulia mbao? Basi akusugue na wewe kidogo, ulimi wako una makwaruzo."

Walicheka mpaka wengine wakalalia madawati. Nilidhani wanachekea mzaha wangu. Nikacheka nao, nikafuta ubao, nikatoka kifua mbele. Yeye alikuwa amekaa, anatazama nakala ya hadithi ambayo alikuwa haisomi.

Katika chumba cha walimu nikakifikisha kisa hicho kikiwa bado cha moto. "Ati baba yake ni msasa!" nikasema. Waliokuwepo hawakucheka. Mwalimu mzee wa Kiswahili, aliyekuwa akikoroga chai yake, akaweka kijiko chini.

"Msasi, mwalimu," akasema taratibu. "Msasi ni mwindaji. Hata methali ipo, msasi haogopi mwiba. Hawa wa shamba wanasaka nguruwe na tumbili wanaokula mihogo ya watu. Wanasaka kwa mbwa." Akanywa funda moja. "Watoto hawakuchekea msasa wako. Wamechekea mbwa."

Akanisogezea kamusi yake. Neno lilikuwemo, safi kabisa, Kiswahili sanifu. Nikavuta na ile ya Kiingereza iliyokuwa kwenye kabati, nikatafuta gemu, na maana ya pili ilikuwa ile ile aliyoitaja binti. Maneno mawili kwa kipindi kimoja, moja katika lugha niliyokuwa nikiringia na jingine katika lugha niliyozaliwa nayo, na yote mawili mtoto wa shamba ameyajua kabla yangu. Nikarudisha kamusi zote mbili mahali pake.

Mbwa Pemba ni jambo zito. Mate yake ni najisi, mtu akiguswa nayo ana kazi ya kujitoharisha, na mwenye kufuga mbwa huwa na jina lake la pembeni. Wakulima humwita msasi asubuhi wakiona shamba limechimbwa, na alasiri hiyo hiyo hupita njia nyingine wasikutane na mbwa wake. Lakini mimi nilikuwa na udhuru gani? Mimi ni Mkristo wa bara. Nyumbani kwetu Singida tulikuwa na mbwa watatu, na mmoja wao nililala naye kibarazani utoto wangu wote. Kati ya watu wote waliokuwa darasani siku ile, mimi ndiye niliyekuwa na sababu ndogo kuliko wote ya kumwaibisha mtu kwa ajili ya mbwa.

Kesho yake niliingia nikiwa na nia ya kusahihisha. Nilikuwa nimeiandaa hata sentensi. Mlangoni nikasikia mmoja akimwambia binti, "We Msasa, pisha." Nikajua jina limeshashika, na kwamba nikilitengua itabidi nieleze lilitoka wapi. Nikaona bora lipoe lenyewe. Wiki ijayo, nikajiambia. Nikaendelea na vitenzi.

Wiki iliyofuata niliwapa jaribio la hadithi, na swali la kwanza nilikuwa nimelitunga kabla ya hayo yote. Jina la hadithi lina maana gani? Madaftari thelathini na kitu yalinijibu mchezo. La kwake liliandika kwamba neno lina maana mbili, mchezo na mnyama anayewindwa, na kwamba tajiri ameziunganisha, amemfanya binadamu mwenzake kuwa mnyama ili yeye apate mchezo. Nililisoma jibu hilo mara mbili. Mimi mwenyewe, mwenye cheti changu, sikuwahi kuiona hadithi kwa uwazi ule.

Nikaweka kosa, kwa kalamu nyekundu.

Nimejaribu miaka hii kujitetea kwamba nilichoka, kwamba madaftari yalikuwa mengi. Si kweli. Kalamu ilisimama hapo muda mrefu. Nilijua kwamba nikiweka tiki, darasa zima lingeuliza kwa nini yeye kapata, na mimi ningebaki uchi mbele ya watoto. Nikaona heri yeye akose swali moja kuliko mimi nikose heshima. Hayo ndiyo mawazo yaliyopita kichwani mwangu, nayaandika kama yalivyokuwa.

Skuli yetu ilikuwa na kanuni ya masahihisho. Mwanafunzi akikosa, lazima aandike jibu sahihi mara tatu chini ya kosa, alete, mwalimu atie sahihi yake. Niliporudisha madaftari nikasema kama kawaida, "Waliokosa, masahihisho." Yeye alifungua lake, akatazama, akalifunga. Hakuniuliza kitu. Tangu siku ya msasa alikuwa hajanyanyua mkono.

Kesho yake tulifika sehemu ya mwisho ya hadithi, pale tajiri anapomfukuza mgeni wake kwa mbwa. Sikufikiri. Nakuapieni sikufikiri, na huenda hilo ndilo baya zaidi. Nilikuwa nasoma kwa sauti, napandisha pumzi ili watishike, mbwa wanakaribia, mtu anakimbia kwenye matope, na kutoka nyuma ya darasa mtu akabweka. Kidogo tu. Halafu mwingine upande wa pili akaitikia. Darasa likaangua kicheko, na vichwa vyote vikageukia dirishani.

Nilitabasamu. Mwalimu mwenye akili angefunga hadithi. Mimi nilitabasamu kwa sababu somo lilikuwa limechangamka.

Binti akasimama, akaomba ruhusa ya kutoka. Nikampa. Alibeba na mkoba wake, na mimi nikaona anabeba, nikaendelea kusoma.

Hakurudi siku ile, wala siku mbili zilizofuata. Ijumaa alasiri shangazi yake alinisimamisha nje ya nyumba yake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyekuwa akiniletea futari kila Ramadhani ingawa alijua sifungi.

"Mwalimu, yule mtoto karudi kwao," akasema. "Kisa hasemi. Kanipigia babake, asema mwana hataki tena skuli, ataka kujifunza cherehani kwa jirani. Na wewe ndo alokuwa akikusema kila siku, mwalimu wetu hivi, mwalimu wetu vile. Huwezi kwenda ukazungumza naye?"

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na laiti ingekuwemo ningejua pa kushika. Nikasema nitakwenda.

Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda hadi Tumbe. Mnada wa samaki ulikuwa umepamba moto, na vijana wa baiskeli wanafunga matenga yao kuwahi barabara. Nikamuuliza muuza changu mmoja nyumba ya msasi iko wapi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kulitamka neno hilo sawasawa. "Fuata njia ya mihogo," akaniambia, "ukisikia mbwa umefika."

Sikusikia mbwa. Baba wa binti alikuwa ameshapigiwa simu na dada yake. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye kovu refu mguuni, na alikuwa amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Jumamosi kwa ajili yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaipokea kwa haya. Alinikaribisha barazani juu ya mkeka mpya, na jambo la kwanza alilosema ni kuniomba radhi kwa mbwa.

"N'mewapeleka bondeni, mwalimu. Usione karaha."

Nikasema sina karaha na mbwa. Ningeweza kuongeza kwamba nimekua nao. Sikuongeza. Tukaletewa sinia la mihogo ya nazi na papa, tukala, akawa ananisogezea minofu upande wangu. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu tayari. Nilipanga kusema, mzee, binti yako hana kosa, kosa ni langu. Nikanawa mikono, nikakohoa, naye akaniwahi.

"Mwalimu, n'na jambo la kukutaka radhi. Mwanangu kan'ambia kila kitu. Kakukosoa mbele ya watu. Mwalimu wake! N'kamwambia, hata kama una haki, mkubwa hakosolewi hadharani, huviziwa akiwa peke yake. N'memgombeza sana. Naona ndo haya hizo zilomfanya asitake kurudi, aona utakuwa na hasira naye. Msamehe, mwalimu. Ni mtoto."

Basi hivyo ndivyo alivyokwenda kumwambia baba yake. Msasa hakuutaja. Kubweka hakukutaja. Alikuwa amemficha mzee wake yote ambayo yangemuumiza, na kilichobaki baada ya kuficha hayo kilikuwa ni kosa lake yeye.

Mzee alikuwa ananitazama, anangoja. Maneno yangu yalikuwa pale pale mdomoni. Nikafikiria kanzu ile, mkeka ule, na jinsi uso wake utakavyobadilika nikimwambia niliyomfanyia mwanawe. Nikasema:

"Nimemsamehe, mzee."

Nikamsamehe. Mimi! Nikaketi kwenye mkeka wa mtu, nimeshiba mihogo yake, nikamsamehe mtoto wake kwa kosa la kujua.

"Alhamdulillahi," akasema, akapumua kwa furaha, akaita ndani. Binti akatoka amejitanda ukaya kichwani, akaniamkia bila kunitazama, akanipa daftari kwa mikono miwili. "N'memsimamia mwenyewe," mzee akasema. "Kiingereza sijui, lakini n'kakaa naye hapa mpaka akamaliza."

Nikafungua. Chini ya lile kosa langu jekundu alikuwa ameandika, kwa mwandiko wake mzuri, gemu ni mchezo, gemu ni mchezo, gemu ni mchezo. Mara tatu, kila moja mstari wake.

"Ni sawa sasa?" mzee akauliza, amejiinamia juu ya ukurasa asioweza kuusoma. Kisha akacheka kidogo, cheko la mtu mwenye kujidharau. "Mwalimu, n'kuulize kijinga. Wale wageni wa msituni walikuwa wakiona paa, wanasema gemu, gemu. Ndo neno lenyewe, au haya masikio yangu ya shamba?"

Binti aliinua macho, na kwa mara ya kwanza tangu nifike akanitazama. Hakuwa na hasira. Alikuwa anataka kujua nitasema nini, kama alivyokuwa akitaka kujua kila kitu darasani.

"Kiingereza kina maneno mengi, mzee," nikasema. Nikatoa kalamu mfukoni, nikaweka tiki, nikatia sahihi yangu na tarehe. Nilipomrudishia daftari alikuwa ameshainamisha macho. Mzee alinisindikiza mpaka barabarani, amenibebea mwenyewe kikapu cha ndizi mbivu, na njia nzima akanishukuru.

Jumapili sikwenda kanisani. Nilikaa chumbani na ndizi zile, sikuweza kula hata moja. Kuna aibu ya kuonwa na watu, hiyo naijua, huja na kupita. Hii ilikuwa nyingine. Hakuna aliyenijua, kila mtu alikuwa ameridhika nami, na bado sikuweza kujitazama kwenye kioo cha kunyolea. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshaamua.

Jumatatu binti alikuwa mahali pake, dirishani. Sikungoja hata waitikie salamu. Nikawaambia darasa zima kwamba niliwafundisha kosa, kwamba nilijua ni kosa tangu siku ile ile, kwamba mwenzao aliniambia ukweli nami nikamkebehi yeye na baba yake, na nikamkosesha swali alilolijibu vizuri kuliko nyote, hata kuliko mimi. Nikawaambia msasi maana yake nini, ingawa walijua. Nikasema atakayebweka tena ataanza kunibwekea mimi, kwa sababu kwetu tulikuwa na mbwa watatu. Hakuna aliyecheka. Nikamgeukia, nikamtaka radhi mbele yao wote, kwa Kiswahili, ili nisijifiche nyuma ya Kiingereza.

Akaitikia kwa kichwa. Nikaona mzigo umenitoka. Naam, niliona hivyo, na kidevu nadhani kilikuwa kimeanza kupanda tena. Nikafuta ubao, nikaandika lile neno peke yake katikati, nikanyoosha mkono wenye chaki kuelekea kwake.

"Sasa njoo," nikasema. "Wewe ndiye mwalimu leo. Waeleze gemu maana yake nini."

Akasimama mahali pake. Hakuja mbele. Alitazama ubao, kisha akanitazama mimi, kwa adabu ile ile aliyonipa nayo daftari nyumbani kwao.

"Sijui, mwalimu," akasema.

Akakaa. Nikangoja, labda angesimama tena. Alikuwa ameshafungua daftari ukurasa mpya, ameshika kalamu, anangoja nimwambie cha kuandika.